Kuondoa madoa ya kutu kwenye midoli na vigari vya mkusanyiko

Plastiki haishiki kutu. Ukiona doa la rangi ya chungwa au kahawia kwenye kiuno cha farasi mdogo wa vinili (plastiki laini), au kwenye unyayo wa mdoli mdogo kama kidole gumba, jua kwamba karibu na hapo kuna chuma: washa (kipete bapa cha chuma) inayoshikilia mkia, sumaku iliyofichwa mguuni, springi, skrubu, au ekseli ya gari. Chuma hicho kimekutana na maji na hewa, kikaanza kuliwa, na uchafu wake ukatiririka hadi kwenye plastiki. Ndiyo maana mtu anaweza kusafisha doa likatoka lote, kisha baada ya miezi akalikuta limerudi palepale. Doa lilitoka lakini chuma kikabaki ndani.

Kwa hiyo kazi hii ina mpangilio wake, na mpangilio huo una uzito kuliko dawa yoyote utakayonunua. Hakikisha doa ni kutu, tafuta chuma kilipo, tambua kichezeo kimetengenezwa kwa kitu gani, ndipo uchague dawa. Vitu hivi vingi havitengenezwi tena. Kila kimoja kinachoharibiwa kwa haraka ya msafishaji ni kimoja kilichopungua duniani, na mimi naona inafaa kuvishika kwa heshima hiyo.

Je, ni kutu kweli?

Si kila kahawia ni kutu. Plastiki ngumu nyeupe hugeuka njano kwa uzee na mwanga wa jua, na njano hiyo huenea sehemu yote iliyokuwa wazi. Wino huacha mstari au alama yenye ukingo mkali. Betri iliyovuja huacha ukoko mweupe, wakati mwingine wa kijani au buluu, kwenye vyuma vya kisanduku cha betri. Ukungu huwa ni vidoadoa vyeusi au vya kijivu, tena huwa na harufu. Kutu huonekana kama wingu: katikati ni nzito, pembeni inafifia, na katikati yake mara nyingi ndipo chuma kilipo.

Ukiwa bado na shaka, lowesha kipande kidogo cha pamba kwa maji ya limau, kiweke juu ya doa kwenye sehemu isiyo na rangi ya kupaka, kisha subiri robo saa. Pamba ikichukua unjano au uchungwa na doa likapungua hata kidogo, hiyo ni kutu.

Tafuta chuma

Chukua sumaku ndogo yenye nguvu na uipitishe polepole kwenye kichezeo. Panapovuta pana chuma. Mulika tochi kwenye kila tundu. Tikisa karibu na sikio: kutu iliyomeguka hucheza ndani kama mchanga.

Baadhi ya vichezeo vina mahali panapojulikana. Farasi wa My Little Pony waliotengenezwa na Hasbro miaka ya 1980 wana kipande cha chuma kinachobana nywele za mkia kwa ndani. Maji ya kuogeshea mdoli yalipoingia kupitia tundu la mkia hayakuwa na njia ya kukauka, na leo kutu ya mkia ndilo tatizo linalowasumbua zaidi wakusanyaji wa farasi hao. Wanyama wa Littlest Pet Shop wa miaka ya 2000 wana sumaku kwenye unyayo, na huko ndiko doa linakoanzia. Kwenye vigari vya Matchbox na Hot Wheels, angalia ekseli kwanza, kisha bamba la chini kama ni la chuma.

Chuma kikiweza kutoka bila kuvunja kitu, kitoe kabla ya kugusa doa. Kwa farasi wa vinili, mkia hutolewa kwa kupitia shingoni. Kichwa kimebanwa na mara nyingi kimegundishwa. Chovya shingo kwenye maji ya moto, yale ambayo mkono unayavumilia kwa shida lakini hayachemki, kwa dakika chache hadi vinili ilainike. Kama kuna gundi, ikate kidogo kidogo kwa wembe butu au kisu chembamba ukifuata mstari wa kiungo, kisha zungusha kichwa taratibu hadi kiachie. Usivute kwa nguvu. Vinili ya zamani iliyopoa huchanika, na mpasuko wa shingo hauzibiki bila kuonekana. Ukishafungua, ingiza koleo ndefu nyembamba, shika washa na uvute mkia wote kwa ndani. Piga picha mkia ulivyokaa kabla ya kuutoa, ili uurudishe na urefu uleule.

Sumaku za unyayoni hutoka kwa kuchokolewa pembeni na pini, hasa zikiwa zimeshavimba. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na uvimbe huo ndio unaopasua miguu ya midoli hii. Sumaku zilizotoka ziweke mara moja kwenye chombo chenye mfuniko. Mtoto akimeza mbili, zinaweza kuvutana ndani ya utumbo zikaubana na kuutoboa. Hilo ni jambo la hospitali siku hiyohiyo.

Kisipotoka, kama vile ekseli iliyopigwa ribiti, utakisafisha mahali kilipo kwa njia nitakayoeleza kwenye vigari.

Dawa zinazofanya kazi, na kwa nini

Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni na maji. Haiyeyuki kwenye maji matupu wala kwenye sabuni, na ndiyo maana kuosha peke yake hakusaidii. Dawa nzuri hufanya moja ya mambo mawili: huibadilisha kutu iwe ya aina inayoyeyuka, au huikamata chembe ya chuma na kuondoka nayo. Baadhi hufanya yote mawili.

Asidi ya sitriki, ule unga mweupe wa kuondolea magadi kwenye birika, ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Kijiko kikubwa kimoja cha unga kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu kinatosha. Haina mvuke mkali, ni nafuu kwa ngozi, na hukamata chuma vizuri. Limau lina asidi hiyohiyo, ila lina sukari na nyuzi zinazohitaji kusuuzwa vizuri. Siki nyeupe ya kawaida, yenye asidi kama asilimia 5, nayo inafaa lakini ni ya polepole. Vidonge vya vitamini C vilivyosagwa vina nguvu ambayo wengi hawaijui: vitamini hiyo huigeuza kutu iwe ya aina inayoyeyuka, na ikichanganywa na asidi ya sitriki kazi huenda haraka zaidi. Tumia vidonge vyeupe visivyo na rangi, maana rangi ya chungwa ya vidonge vingine inaweza kuacha doa jipya.

Asidi ya oksaliki ina nguvu kuliko hizo zote. Ipo kwenye baadhi ya unga wa kusafishia masinki na dawa za kung'arishia mbao. Ni sumu ikimezwa na huwasha ngozi na macho. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha, usitumie chombo cha jikoni, na uiweke mbali na watoto. Itumie tu pale sitriki imeshindwa baada ya kurudiwa.

Kuna pia dawa za maji zinazouzwa kwa ajili ya kutu ambazo hazina asidi kali, zinazofanya kazi kwa kuikamata kutu na kuacha chuma kizima. Ni nzuri sana kwa skrubu, springi na washa ulizozitoa nje.

Sasa zile za kuepuka. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo haiondoi kutu. Huongeza oksijeni, na oksijeni ndiyo iliyoleta kutu, hivyo doa hukolea na kung'ang'ania zaidi. Jambo kubwa kuliko hilo ni kwamba klorini ikikutana na siki, limau au asidi yoyote hutoa gesi inayochoma mapafu. Visiwe hata kwenye beseni moja kwa zamu. Krimu za chunusi zenye peroksaidi, ambazo wakusanyaji huzitumia kwa madoa ya wino, hazina msaada kwa kutu, na kuanika juani vivyo hivyo. Asetoni huyeyusha plastiki nyingi ngumu na rangi. Waya wa kusugulia masufuria ni adui wa namna mbili: hukwaruza, na huacha nyuzi ndogo za chuma ambazo zitashika kutu zenyewe.

Plastiki na vinili: acha dawa ikae, usisugue

Osha kichezeo kwanza kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo ili mafuta ya mikono yatoke. Asidi haipiti kwenye mafuta.

Kisha jaribu dawa mahali pasipoonekana, kama ndani ya shingo au chini ya unyayo, hasa kama kuna rangi ya kupaka karibu. Subiri saa moja. Rangi ikilainika au ikihamia kwenye pamba, hapo utafanya kazi kwa pamba za masikioni tu, ukikaa mbali na rangi.

Njia yenyewe ni rahisi. Loweka pamba kwenye maji ya asidi ya sitriki, ikamue isidondoke, ipange juu ya doa tu, kisha funika kwa karatasi laini ya nailoni isikauke. Acha saa mbili au tatu. Fungua, futa, tazama. Pamba itakuwa na unjano. Weka nyingine mpya na urudie. Doa jepesi huisha siku hiyo. Doa la miaka mingi huhitaji kurudiwa mara nyingi, na kila mara linapungua kidogo. Hapa subira inalipa kuliko nguvu: mswaki unaosuguliwa kwa hasira huondoa mng'ao wa vinili, na mng'ao huo haurudi, wakati doa lingeisha lenyewe.

Kama sehemu nzima haina rangi ya kupaka wala vibandiko, kama vile mguu au kiwiliwili kilichofunguliwa, unaweza kuitumbukiza kwenye maji ya sitriki na kuiangalia kila baada ya nusu saa. Ndani ya kiwiliwili cha farasi tumia mswaki wa watoto wenye nywele laini kukwangua vipande vya kutu vilivyolegea kabla ya kumimina dawa, la sivyo utakuwa unayeyusha rundo badala ya doa.

Lipo doa ambalo limeingia ndani ya vinili yenyewe. Utalitambua kwa sababu pamba inatoka nyeupe kabisa lakini doa bado lipo. Ukifika hapo, jaribu oksaliki mara moja tu, kwa uangalifu, kisha uache. Kivuli chepesi kwenye mdoli mzima ni afadhali kuliko ngozi iliyofifia na kunata.

Nywele za mkia zilizoingiwa na kutu hutendewa vivyo hivyo. Zifunge kwa uzi zisivurugike, zitumbukize kwenye maji mepesi ya sitriki kwa saa moja, suuza, chana kuanzia ncha kwenda juu. Usizidishe ukali wa asidi: nywele nyingi za midoli ni nailoni, na nailoni haipendi asidi kali.

Vigari vya chuma cha kumimina

Hapa watu wengi huharibu vitu vya thamani, kwa hiyo soma taratibu. Bodi za vigari vya Matchbox, vilivyoanza mwaka 1953, na Hot Wheels, vilivyoanza mwaka 1968, si za chuma cha kawaida. Ni mchanganyiko wenye zinki nyingi, na zinki haitoi kutu nyekundu. Ukiona kahawia kwenye bodi, imetoka kwenye ekseli au bamba la chini. Ukiona unga mweupe, hiyo ni zinki yenyewe inayoliwa, na dawa ya kutu haihusiki. Nyufa na uvimbe kwenye kigari cha zamani sana mara nyingi ni ugonjwa wa zinki iliyochanganyika na uchafu kama madini ya risasi kiwandani. Hauna tiba, kikae pakavu na kisibanwe.

Asidi hula zinki. Kwa sababu hiyo usikitumbukize kigari kizima kwenye siki au sitriki, hata kama umeona mwingine akifanya hivyo. Hot Wheels wa mwanzo wana rangi angavu iliyopakwa juu ya chuma kilichong'arishwa, na unyevu wa asidi ukipenya chini ya rangi hiyo huiacha na mabaka.

Fanya hivi. Kilaze kigari kichwa chini. Chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye dawa ya kutu isiyo na asidi kali, uiguse ekseli peke yake, mahali inapoonekana kati ya gurudumu na bodi. Acha dakika kumi, futa kwa pamba ya masikioni, rudia. Zungusha gurudumu kidogo kila mara ili upande wa pili ufikiwe. Ukimaliza, futa kwa pamba yenye maji, kausha kwa upepo baridi wa draya ya nywele, kisha gusa ekseli kwa tone dogo mno la mafuta ya cherehani. Tone likizidi litatambaa hadi kwenye gurudumu na kukusanya vumbi.

Doa lililobaki kwenye rangi ya bodi lifute kwa pamba yenye maji ya sabuni. Mara nyingi hilo linatosha, kwa kuwa rangi yenyewe hainyonyi kutu kama vinili.

Sehemu zinazong'aa kama kioo kwenye vigari, mara nyingi bampa na magurudumu, ni plastiki iliyopakwa tabaka jembamba ajabu la metali. Zipulizie vumbi na uziache. Kila msuguo unaondoa tabaka hilo.

Vichezeo vya bati

Vichezeo vya bati vilivyochapwa picha, kama vile vya Ujerumani na vya Japani vya miaka ya 1950, ni chuma chembamba kilichofunikwa kwa bati. Kutu huanzia palipokwaruzwa na kutambaa chini ya picha. Ukikitumbukiza kwenye maji, unyevu utapita kwenye kila mkunjo na kutu mpya itaanzia ndani usikoona.

Tumia mafuta mepesi ya mashine. Weka tone kwenye doa, acha usiku kucha, kisha lizungushe kwa pamba laini bila kukandamiza. Mafuta hulegeza kutu ya juu, nayo hutoka kwenye pamba. Acha kutu iliyoshikamana na ukingo wa picha, kwa sababu ukiing'oa itaondoka na picha. Hii ni sehemu ambayo ningependelea msafishaji awe mwoga.

Na usipige msasa. Rangi za vichezeo vya zamani zinaweza kuwa na risasi. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku rangi za risasi kwenye vitu vya kuchezea mwaka 1978 tu. Vumbi lake halifai kuvutwa puani. Kitambaa chenye unyevu, glavu, na kunawa mikono baada ya kazi.

Suuza, kausha, hakikisha

Asidi iliyobaki ndani itaanza kula chuma kipya utakachokiweka. Kwa plastiki, suuza kwa maji mengi, kisha kwa maji yenye kijiko kidogo cha bikabonati ya soda, kisha kwa maji safi tena. Kama maji ya bomba lako huacha alama za kahawia kwenye sinki, yana chuma. Suuza ya mwisho ifanye kwa maji yaliyotoneshwa, yale safi ya kuongezea kwenye betri, si asidi yake.

Kukausha ndiko kunakorukwa. Kiwiliwili chenye tundu kiegemeze tundu likiwa chini, kwenye taulo, mahali penye upepo na kivuli, siku mbili nzima. Tia kipande cha karatasi ya choo ndani na ukitoe baada ya saa chache. Kikitoka na ubaridi wa unyevu, bado. Draya itumike kwa hewa baridi, maana joto hupinda vinili.

Kabla ya kufunga

Mkia usirudishwe na washa ileile. Ubane kwa kikanda kidogo cha nailoni cha kufungia nyaya, au kwa waya wa chuma kisichoshika kutu. Skrubu na springi zilizosafishwa zipake nta nyembamba kabla ya kuzirudisha. Mdoli uliotolewa sumaku unaweza kubaki bila sumaku. Ziba tundu kwa kipande cha mpira ili vumbi lisiingie. Weka chuma cha asili kwenye kifuko kidogo chenye jina la kichezeo, na ukiuza siku moja, mweleze mnunuzi nini kilibadilishwa.

Hifadhi mahali ambapo unyevu wa hewa hauzidi asilimia 50, kwenye kisanduku chenye vifuko vya silika vile vinavyokuja na viatu vipya. Vifuko hivyo hushiba, kwa hiyo vibadilishwe. Usifunge midoli kwenye mifuko ya nailoni isiyopumua, kwa sababu unyevu mdogo uliobaki utafungiwa humo pamoja nayo. Baada ya mwezi mmoja, fungua kisanduku, washa tochi, na utazame tundu la mkia, unyayo na ekseli. Ukiona uchungwa mpya, hata kama nukta, kuna chuma ambacho hukukiona mara ya kwanza. Rudi na ile sumaku.